Safari ya Baiskeli, Mbagala hadi Masasi: Kila Mtu na Tochi Yake
Maelezo ya Kamati ya Msafara mbele ya mkutano mkuu wa mwaka wa wana-Masasi waishio Dar es Salaam

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu, mama zetu, ndugu wanachama mliotoka Temeke, Kinondoni na pembe zote za jiji hili.

Kamati ya Msafara tumepewa dakika ishirini. Tumeombwa tueleze jinsi tunavyojiandaa kwa safari ya baiskeli ya mwaka huu, kutoka Mbagala Rangi Tatu hadi Masasi mjini, takribani kilomita 600, kuchangia bweni la wasichana. Tutaeleza ratiba, baiskeli na mizigo. Lakini hatuwezi kuanza na hayo kabla ya kuzungumza juu ya mwaka jana, kwa sababu wapo humu ndani watu ambao bado hatujawaangalia usoni vizuri.

Mwaka jana tulikwenda watu kumi na wanne. Tulikodi gari dogo la mizigo litufuate. Tuliona ni jambo la busara: mabegi yapande gari, maji yapande gari, blanketi, taa, dawa, vyote vipande gari, sisi tupande baiskeli tukiwa wepesi kama tiara. Siku mbili za kwanza mambo yalikwenda vizuri. Siku ya tatu, kusini ya Nangurukuru, lile gari likaharibika nyuma yetu. Sisi tulikuwa mbele, hatukujua. Tuliendelea kukanyaga tukitegemea litatukuta. Jua likazama. Mnaijua barabara ile ndugu zangu: pori kulia, pori kushoto, mabasi na malori ya saruji yanapita kwa kasi. Watu kumi na wanne gizani, bila taa hata moja, na maji yamebaki ya kulowesha midomo tu.

Lori lilitokea mbele yetu na taa kali. Tukakimbilia pembeni. Mwenzetu mmoja, kijana wa Charambe, akatumbukia kwenye mtaro akavunjika mfupa wa bega. Tunamshukuru Mungu, amepona, na leo yupo, ndiye aliyewapokea mlangoni na daftari la mahudhurio. Tuliporudi Dar es Salaam tulikwenda kwa mama yake kuomba radhi. Tulijiandaa na maneno mengi. Mama yule alitusikiliza, kisha akatuuliza swali moja tu: "Na tochi yake ilikuwa wapi?"

Ilikuwa kwenye gari, Mama. Tunalisema hapa mbele ya wote. Kosa halikuwa la gari wala la dereva. Lilikuwa la kamati. Wazee walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Sisi tuliifanya mizigo yetu yote kuwa usufi kwa kumtwisha mwingine, na pamoja na mizigo tukamtwisha uhai wetu.

Kuna na hesabu. Wengi wenu mliahidi kiasi fulani cha fedha kwa kila kilomita ambayo mpanda baiskeli wenu angemaliza. Kati ya kumi na wanne waliofika Masasi juu ya baiskeli ni tisa. Ahadi zikapungua kwa kiasi hicho. Halafu gari lile, kodi, mafuta na matengenezo, lilikula bei ya bati 41. Bweni linahitaji bati 180. Leo tunazo 70. Ukuta umesimama, lenta imefungwa, kenchi zimelipiwa, na mabinti zetu bado wanapanga vyumba mitaani, wale tunaosema wanaishi geto, binti wa miaka kumi na tano anajipikia mwenyewe, anafunga mlango mwenyewe, na wa kumgongea usiku hawakosekani. Mnajua wangapi hawamalizi kidato cha nne. Hatuna haja ya kuwatajia majina, mengine ni ya wajukuu zetu.

Kwa hiyo uamuzi wa kwanza wa mwaka huu ni huu: hakuna gari. Kila mtu atabeba mzigo wake kwenye baiskeli yake. Mengine yote tutakayoeleza yanatokana na uamuzi huo.

Mzee mmoja wa Tandika alituuliza kwenye kikao cha maandalizi: "Kwa nini msipande basi, mkachanga nauli na posho za njiani mkanunua bati?" Ni swali la haki. Jibu letu ni kwamba kila mpanda baiskeli anajigharamia mwenyewe chakula, malazi na spea. Hakuna senti itakayotoka kwenye mfuko wa bweni. Pili, tumejaribu kupitisha bakuli bila safari, mnakumbuka tulichopata. Mtu anayejua kijana wa mtaani kwake yupo Somanga leo na kesho atakuwa Nangurukuru, anapiga simu, anauliza amefika wapi, na akiuliza anakuwa ameshaingia kwenye jambo. Hata wale wa msafara wa Twende Butiama, wanaoendesha kutoka Dar es Salaam hadi Butiama kumuenzi Mwalimu, wameligundua hilo: watu huchangia kinachotembea.

Sasa tuje kwenye mipango.

Kwanza, majira. Mwaka jana tulikwenda Julai, tukidhani ukavu unatosha. Tulisahau upepo. Julai ni kusi, na sisi tunakwenda kusini. Tulipigwa na upepo usoni kutoka Vikindu hadi Lindi. Tukisubiri kaskazi litusukume mgongoni, litatukuta Desemba na Januari, joto kali na mvua za kwetu zimeshaanza. Wapo humu waliozaliwa Kilwa na Lindi, watoto wa wavuvi, wao ndio waliotushauri: nendeni tanga mbili, kusi likiwa limechoka na kaskazi halijashika. Kwa hiyo tunaondoka wiki ya kwanza ya Oktoba. Wakati huo korosho zimeanza kuokotwa, watu wapo nyumbani na mikono ina kitu. Na bati zikipatikana Oktoba, paa litakuwa juu kabla ya mvua kunyeshea kenchi.

Barabara nayo tunaiulizia kila wiki. Tuliona Mei 2024 mvua zilizoambatana na kimbunga Hidaya zilivyoikata eneo la Somanga, na abiria wakakwama. Oktoba hatutegemei hayo, ila tumeweka siku moja ya akiba.

Pili, ratiba. Ndugu wa Kinondoni, wa Bunju, Tegeta, Mwananyamala na Magomeni, mtalala Mbagala usiku wa kuamkia safari. Wenyeji wa Mbagala na Chamazi wamejitolea vyumba. Hatutaki mtu aanze safari ya siku kwa kupigana na daladala za Tegeta. Saa kumi na moja na nusu alfajiri tunatoka Rangi Tatu, kabla malori hayajajaa Kongowe.

Siku ya kwanza tunapita Vikindu, Mkuranga na Kimanzichana, tunalala Kibiti. Siku ya pili tunapita Ikwiriri, tunavuka Rufiji, tunalala Somanga. Siku ya tatu ni fupi kwa makusudi, Somanga hadi Nangurukuru. Mchana ni wa kufua, kukagua baiskeli na kulala. Siku ya nne ndiyo ngumu, kilomita 95 kutoka Nangurukuru hadi Mbwemkuru, na ndipo tulipoumia mwaka jana. Siku hiyo tutaondoka mapema kuliko siku zote, na wenyeji wa kutulaza tumeshazungumza nao. Siku ya tano tunaingia Lindi. Siku ya sita tunageukia magharibi pale Mingoyo, tunafuata bonde la Lukuledi kupitia Mtama, tunalala Nyangao. Siku ya saba Ndanda, na jioni Masasi.

Kanuni ya barabarani ni moja: saa kumi na moja jioni kila gurudumu limesimama. Kama hatujafika tulipokusudia, tunalala tulipofika. Ratiba tuliitunga sisi wenyewe kwa kalamu, na kwa kalamu tutaibadilisha.

Tatu, baiskeli. Vijana wengine wametuuliza kama lazima wanunue baiskeli za gia za bei kubwa. Hapana. Wenye nazo waje nazo. Lakini Phoenix iliyokazwa vizuri itafika, na ikikorofisha, tairi, tyubu na spoki zake unazipata karibu kila senta yenye fundi wa chini ya mwembe. Wazee mnaokumbuka Swala, zilizokuwa zikitengenezwa hapa hapa Dar es Salaam, mnajua chuma cha namna hiyo kilibeba gunia la mahindi na mke juu yake. Tulichofanya ni kuwapanga watu wawili wawili kwa ukubwa wa tairi. Mwenye namba 28 anakwenda na mwenye namba 28, mwenye 26 na wa 26. Hivyo tyubu ya mmoja inamfaa mwenzake. Kila jozi hailali mbalimbali, haili mbalimbali, na mmoja akisimama wa pili anasimama.

Kila baiskeli itakaguliwa na fundi wetu wa Mbagala Kizuiani wiki mbili kabla: breki za mbele na nyuma, gololi za magurudumu, cheni, ringi na keria. Keria iwe ya chuma, imefungwa kwa nati, si kwa waya. Baiskeli isiyopita ukaguzi haiendi, hata kama ni ya mwenyekiti wa kamati. Ya mwenyekiti wa kamati imeshakataliwa mara moja, anatafuta breki.

Nne, mizigo. Hapa tulitafuta walimu, na walimu hatukuwakuta mbali. Ni wale vijana wanaoingia Mbagala alfajiri na viroba vya mkaa juu ya baiskeli, kutoka upande wa Mkuranga na Kisarawe. Tulikaa nao jioni mbili. Mtu anayebeba mkaa kilomita arobaini, na kama ukianguka hana chakula, hana maneno mengi ya kupoteza. Walitufundisha mambo matatu. Mzigo mzito ukae chini, karibu na gurudumu, usikae juu ya keria kama kichwa cha twiga. Pande mbili zilingane. Ukiacha kilo mbili zizidi upande mmoja, jioni mgongo utakuambia ni upande gani. Na mlima mkali usiupande. Shuka, sukuma, hakuna anayekucheka isipokuwa asiyebeba kitu.

Kwa hiyo kila mtu atakuwa na shogi, kama ya punda: mifuko miwili ya turubai iliyounganishwa, inalala juu ya keria na kuning'inia kushoto na kulia. Fundi cherehani wa Tandika ametushonea ya mfano, ipo pale mezani, mkiondoka muishike. Inafungwa kwa vipande vya tyubu ya zamani. Kamba ya katani hulegea, mpira hauachii. Ndani ya shogi kila kitu kiwe kwenye mfuko wa nailoni, maana turubai huzuia vumbi lakini mvua ikikaza hupenya.

Uzito wa juu ni kilo kumi, bila maji. Mizani tumeazima kwa muuza nafaka, na itakuwepo Rangi Tatu asubuhi ile. Hivi ndivyo vitakavyokwenda.

Kwanza tochi, ya kichwani au ya mkononi, na betri za akiba, na kizibao cha kuakisi mwanga. Vitu hivi haviingii ndani ya shogi. Tochi shingoni, kizibao mwilini. Tumeviweka vya kwanza na mnajua kwa nini.

Pili maji, lita nne kwa kila mtu anapoondoka asubuhi, na pakiti za chumvichumvi za kuongeza maji mwilini. Siku ya nne lita sita.

Tatu spea. Kila mtu: tyubu mbili, kiraka na solusheni, spana zinazoingia kwenye nati zake, spoki nne, mipira ya breki. Kila jozi: pampu moja na kipande cha cheni. Msafara mzima: tairi mbili, moja ya kila namba, gololi, grisi na waya. Kila mmoja lazima ajue kuziba pancha mwenyewe. Jumamosi mbili zilizopita tumefanya mtihani hapa nje, na waliofeli wanawajua waliofaulu.

Nne nguo. Ya kuvaa na ya kubadili, sweta jepesi kwa alfajiri, ndala. Na kanga moja kwa kila mtu, wanaume kwa wanawake. Msicheke. Kanga ni shuka, ni taulo, ni kilemba cha jua, ni kitambaa cha kufungia mkono uliovunjika. Mwaka jana bega la mwenzetu lilifungwa kwa kanga ya dada mmoja wa msafara, kwa sababu mfuko wa huduma ya kwanza ulikuwa kule kule kwenye gari.

Tano chakula cha mkononi: korosho, tende, kashata. Chakula cha moto tutakula kwa mama ntilie wa njiani. Wapo, wanajua kupika, na fedha yetu ikibaki Bungu na Kiranjeranje haijapotea.

Sita karatasi. Kitambulisho cha taifa, kadi ya bima ya afya kwa mwenye nayo, na karatasi yenye namba za simu za watu wawili wa familia. Nakala tunaacha hapa kwa katibu. Simu iwe kitochi, chaji yake hukaa siku tatu. Simu kubwa moja kwa kila jozi inatosha kwa picha.

Visivyokwenda ni hivi: jiko, sufuria, godoro, spika ya muziki, na suti. Mwaka jana mwenzetu mmoja, hatumtaji, amekaa safu ya tatu, alibeba suti na pasi ya umeme ili aonekane vizuri kwenye harambee ya Masasi. Mwaka huu tutaingia Masasi na vumbi letu. Mama zetu wa kule watatuogesha kama walivyozoea.

Mtauliza: bila gari, mtu akiumia itakuwaje? Tumelijadili kuliko jambo jingine lolote. Mwanachama wetu mmoja, muuguzi, atakuwa na pikipiki yake nyuma ya msafara, na mafuta ananunua mwenyewe. Anabeba dawa na vifaa vya huduma ya kwanza, habebi begi la mtu. Atakayeshindwa tutampandisha basi na baiskeli yake, kwenda mbele au kurudi, na hakuna atakayemsema. Hatuwezi kuahidi kwamba hakuna baya litakalotokea. Tunaahidi kwamba likitokea halitatukuta gizani.

Ndugu Mwenyekiti, safari ya kwetu haijawahi kuwa ya mikono mitupu. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliongoza watu waliokombolewa utumwani kutoka Lindi kwa miguu, mizigo kichwani, hadi wakaweka makazi Masasi. Baba zetu walisubiri kivuko cha Ndundu siku na siku wakati wa mafuriko ya Rufiji, na aliyepanda basi bila chakula cha akiba alijuta. Leo tunavuka mto ule juu ya daraja la mita 970, lililofunguliwa mwaka 2003 na kupewa jina la Benjamin Mkapa, mtoto wa Lupaso, jirani yetu. Tukifika katikati ya daraja tutasimama dakika moja. Sisi tuna lami na daraja, basi kubeba kilo kumi zetu wenyewe si habari ya kujisifia.

Tunawaomba mambo matatu. Fomu za ahadi ziko kwenye kurasa za mwisho za kijitabu hiki: chagua mpanda baiskeli wako, andika kiasi chako kwa kilomita, hata shilingi hamsini. Shilingi hamsini kwa kilomita 600 ni elfu thelathini. Fedha italipwa kwa mtunza hazina baada ya safari, kwa kilomita zilizokanyagwa tu, na hesabu itabandikwa hapa na kule kijijini. Pili, mwenye ndugu njiani, Kibiti, Somanga, Mbwemkuru, Nyangao, atupe jina, atusaidie sehemu ya kulala. Tatu, wazazi wa wanaokwenda, Jumamosi njooni muwaone wakifanya mazoezi na mizigo kamili. Wa Temeke watakwenda Mkuranga na kurudi, wa Kinondoni watakwenda Bagamoyo kutoka Bunju na kurudi. Fungueni shogi zao. Mkikuta kisichofaa, toeni. Mkikuta kinachokosekana, semeni.

Mwaka huu tunakwenda watu kumi na sita, watano ni wanawake. Jana jioni aliyekuwa wa kumi na sita alikuja kujiandikisha. Ni kijana yule wa Charambe. Tulisita kumwandika mpaka tulipomuuliza kama nyumbani wanajua. Akasema ametumwa na mama yake, na akatoa mfukoni tochi mpya, bado iko kwenye karatasi ya dukani, mama amemnunulia.

Tumemwandika. Bati zilizobaki ni 110.

Tunaomba kuwasilisha.